Alhamisi Ambazo Hatukuziandika

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, na leo sijali. Nina hasira, nawe umo.

Tangu tukuzike bendera imebadilika, na yule mzungu wa mitambo amerudi kwao. Bwawa ulilokuwa mlinzi wa lango lake bado linafua umeme wa mji. Leseni ya bwawa imekwisha muda, baraza la mji linaomba mpya, na mimi karani wao ndiye niliyepewa maombi niyapige chapa. Ukurasa wa tatu niliacha kupiga. Wameandika kwamba chini ya bwawa hakuna anayetegemea maji haya wakati wa kiangazi. Ushahidi wao ni kitabu cha lango, kinachoandikwa kila siku kama lango limefunguliwa au limefungwa.

Kitabu chako, Baba. Mwandiko wangu.

Unakumbuka likizo zile? Wewe unasoma kipimo kwenye nguzo, mimi naandika. Alhamisi mchana, mzungu akishakwenda kilabuni kwake, ulizungusha gurudumu, lango likafunguka na maji yakashuka mtoni kwa watu wa chini. Ng'ombe walikwisha kuijua siku. Walisimama mchangani kabla maji hayajafika. Nilipokuuliza niandike nini, ulisema, "Andika limefungwa, mama. Kilichoandikwa huulizwa."

Nikaandika. Kiangazi baada ya kiangazi.

Mlinzi mpya anafuata kitabu. Jirani yetu Mama Kabula sasa anachimba mchanga kwa bakuli apate maji ya kunywa, na mitamba wake wawili wamekufa. Alikuja kuniuliza, "Siku ya baba yako imekwenda wapi?" Ulikuwa mwema kwa siri, Baba, na siri yako haikumrithisha mtu hata ndoo moja.

Nilimwendea katibu wa baraza, mtu wetu, aliyeimba Uhuru mpaka sauti ikamkauka. Alicheka. "Dada, leseni haitolewi kwa hadithi za ng'ombe. Baba yako mwenyewe anasema lango lilifungwa." Akakigonga kitabu kwa kidole. Mzungu alitunyima maji bila kujua kwamba tunayachukua. Huyu nimemweleza, na bado anatunyima.

Jumatatu maombi yatasikilizwa mbele ya watu wote. Nitasimama niseme kitabu kile kilidanganya kila Alhamisi, amri ilikuwa yako na mkono ulikuwa wangu. Nitataka leseni yenyewe iitaje siku hiyo kuwa siku ya kufungua lango. Kazi huenda nikaipoteza. Mama halii kwa ajili ya kazi. Kila Jumapili anaifuta vumbi ile hati waliyokupa, "mtumishi mwaminifu", na jana aliniuliza kama kweli nitamwita mume wake mwongo hadharani.

Nitakuita. Nisamehe, au usinisamehe.

Pumzika sasa, Baba. Wakikubali, Alhamisi nitashika kitabu kipya niandike: limefunguliwa. Wasipokubali, gurudumu lile nalijua. Ulinifundisha mwenyewe kulizungusha, na safari hii sitangoja mtu aende kilabuni.

Karani wako,
Nkwimba