Amri Ilitolewa

Jumatatu, 4 Novemba 1996

Tangazo. Kwa masikitiko makubwa umma unaarifiwa kifo cha jino la juu, upande wa kulia, la Bwana Gharib, mwandishi wa gazeti mkoani Kigoma, kilichotokea leo saa nne asubuhi mikononi mwa daktari. Marehemu aliugua muda mrefu. Alitibiwa kwa karafuu bila mafanikio. Ameacha ndugu kumi na tisa, wote wagonjwa.

Mama Lulu kasema afadhali, sasa mume wake ataongea nusu. Ndoto hizo.

Keshokutwa nataka kwenda Mwamgongo, kijiji cha ziwani huko kaskazini. Watu wanavuka kutoka Zaire kwa mamia tangu mji wa Uvira utekwe na waasi, na mimi nimekaa Ujiji naandika habari za mbuzi walioingia posta. Boti za abiria hakuna, zote zinabeba wakimbizi. Konstebo Oswald kaniahidi nafasi kwenye boti ya doria. Mtu mwema, wa Songea, hajui kuogelea. Kasema: Mzee, usimwambie mtu, raia hawaruhusiwi. Nimwambie nani? Mimi ni mwandishi tu!

Jumatano, 6 Novemba

Nitaandika kama gazetini, labda itaandikika.

Saa moja asubuhi, mbele kidogo ya Katonga, boti ya doria ilikutana na mtumbwi wenye mtu mmoja. Amri ya kusimama ilitolewa. Mtu huyo aliinuka akiwa na kitu kirefu mkononi. Askari alifyatua risasi moja, ikampata pajani. Kitu kirefu kilikuwa kafi.

Basi.

Si mkimbizi. Ni Kasongo, mvuvi wa Katonga — baba yake alivuka ziwa kabla ya uhuru. Nilimtambua wakati namfunga paja kwa shati langu. Damu inachuruzika, yeye anauliza dagaa wake. Msinimwagie dagaa, anasema. Oswald alikaa sakafuni mwa boti, bunduki magotini, mpaka gatini.

Mwamgongo hatukufika.

Alhamisi, 7 Novemba

Nusu saa kupata laini ya Dar pale posta. Nikamsomea mhariri yale ya jana, neno kwa neno. Kauliza: ni mkimbizi au ni jambazi? Nikasema ni mvuvi. Kasema mvuvi hauziki, chagua moja kati ya yale mawili. Nikasema basi andika "mtu". Nikadhani laini imekatika. Kumbe anacheka.

Mama Lulu kauliza shati liko wapi. Nimesema limechanika.

Jumapili, 10 Novemba

Gazeti limekuja na treni. Ukurasa wa kwanza! Miaka kumi na minne naandikia hawa watu, sijawahi kupita ukurasa wa tano. JAMBAZI LA ZAIRE LAKAIDI AMRI, LAPIGWA RISASI. Chini yake: Na Mwandishi Wetu, Kigoma. Mara ya kwanza maishani nimeshukuru kutotajwa jina.

Nimelikuta Katubuka, kwa Pastory kinyozi. Analisoma kwa sauti kama mahubiri, wembe mkononi, mimi kitini na sabuni shingoni. Wangemlenga kichwa, anasema Pastory, hawa ndio wanaotuingizia bunduki. Mariana, anayeuza samaki mlangoni pake, akapandisha sauti.

"Kasongo jambazi? Kasongo huyu, paka anamwibia samaki huku wanatazamana?"

"Gazeti limesema!"

"Gazeti linamjua? Polisi wameua mguu wa mtu, sasa wanataka kuua na jina."

"Muulize Bwana Gharib, si yuko hapa? Eti Bwana Gharib, alikaidi, hakukaidi?"

Mtu mwenye wembe shingoni hajibu haraka. Nilifumba macho, nikajifanya sabuni imeingia. Nimetoka pale upande mmoja haujanyolewa.

Nyumbani Mama Lulu kalisoma taratibu, kidole juu ya mstari.

"Amri ilitolewa. Ilitolewa na nani? Na dagaa?"

Nikamwambia ndiyo lugha ya gazeti hiyo. Akalikunja, akanitazama. Miaka ishirini na sita ninaishi na mwanamke huyu, na bado nadhani naweza kumficha kitu.

Jumatatu, 11 Novemba

Mguu wa Kasongo ulikatwa Jumamosi, juu ya goti.

Nimeambiwa na Mapendo, mke wake. Alikuja asubuhi, akakaa mkekani. Hakulia. Chai hakuigusa, ikapoa ikafanya utando. Kasongo ameshtakiwa: kukaidi amri halali, na kutaka kumshambulia askari. Akifungwa, akitoka anapelekwa kambini pamoja na wakimbizi, eti hana karatasi za uraia. Mtu aliyetahiriwa Katonga!

Akasema: Baba, weye ulikuwa mule ndani. Bwana yangu anasema alisikia "simama", akasimama. Sasa alikaidi nini?

Akaendelea kunifundisha, kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni. Ziwani hawasemi simama. Ukitaka mtumbwi utulie unasema "weka kafi". Simama ni neno la gari. Mtu amekaa ndani ya mtumbwi, ukamwambia simama, ataamka, atafanya nini kingine? Na hakuna mvuvi anayeamka katika mtumbwi mdogo kwa kupenda, Baba. Aliamka kwa sababu serikali imemwambia.

Na askari aliyetoka Songea, nikawaza, yeye anajua kitu kimoja: anayesimama ndani ya mtumbwi anataka kurusha au kupiga.

Mapendo kasema hataki nimpendelee mume wake. Sema tu ulichosikia. Akaaga, akamsalimia Mama Lulu uani, akaenda.

Alasiri akaja Oswald, nguo za kiraia. Shikamoo Mzee. Amekonda. Sokoni hapiti tena: jana wanawake wauza samaki wa mwaloni waliizomea gari ya polisi njia nzima, "Simama! Simama!" Mama yake amesikia redioni huko Songea, amepiga simu kituoni anauliza kama mwanawe ndiye muuaji. Afande Feliksi, mkuu wao, ameandika kwamba nilipanda boti kwa kibali chake, na kesho nikatoe maelezo. Oswald alishika mikono yangu yote miwili. Tuseme kama tulivyosema, Mzee. Tukivuta tofali moja, ukuta wote unatuangukia.

"Tulivyosema." Mimi sikumbuki kukubaliana naye tuseme nini.

Jumanne, 12 Novemba

Kituoni. Afande Feliksi amenipokea kama mkwe. Chai, maandazi, pole ya jino. Maelezo yangu yameshapigwa chapa, kazi yangu ni kusoma na kusaini. Yamenakiliwa kutoka gazetini — yaani kutoka kwangu. Amri ya kusimama ilitolewa. Mstari wa pili wameongeza: na Konstebo Oswald. Ameniachia kalamu, ameenda kupokea simu.

Naandika hapa hapa juu ya meza yake, daftari juu ya yale maelezo.

Jua lilikuwa nyuma yetu, linatoka milimani, likimpiga Kasongo usoni. Hakuona nani yuko kwenye boti. Oswald aliuona mtumbwi, akashika bunduki, akaniambia chini chini: Mzee, wewe mwenyeji, mwambie atulie. Hakusema asimame. Alisema atulie. Nami, Mmanyema wa Ujiji ambaye sijawahi kushika kafi maisha yangu yote, nilifurahi! Nilifurahi kuwa mwenyeji. Nikainuka, nikapaza: "Simama!" Kama mgambo wa stendi.

Kasongo akaacha kupiga kafi, akageuka kutazama sauti inakotoka. Alitulia. Hilo ndilo sijaliandika popote: alikuwa ameshatulia. Ningefunga mdomo pale angekuwa na miguu miwili. Nilidhani hajasikia. Nikasema tena, "Nimesema simama wewe!" Akaegemea kafi, akaanza kuinuka polepole, mtumbwi unayumba, kama mtu anayempisha mkubwa kiti. Oswald akasema, Mzee, anafanya nini huyu? Sauti yake ilikuwa imepasuka. Sikumjibu yeye. Nilimpigia kelele Kasongo mara ya tatu, kwa nguvu zaidi.

Akamalizia kusimama.

Amri ilitolewa na mimi. Oswald ameibeba ili asiseme alimwachia raia aitoe, na mimi nimemwacha aibebe. Kasongo ndiye aliyetii peke yake pale ziwani.

Afande amerudi mlangoni, anauliza kama nimeshasaini. Nimemwambia kalamu yake haitoi wino. Ndiyo hii ninayoandikia.