Trekta Letu Linageukia kwa Surjeet

Rupi, uko? Usinicheke kwanza.

Unamjua Surjeet, mke wa kaka yake Balkar wangu. Walipoleta kale katrekta kao ka nguvu za farasi ishirini na tano, kijiji kizima kilienda kwao kula vitamu vya laddu. Roho iliniuma, nikamganda Balkar mpaka akakubali: letu liwe la farasi sitini.

Leo tumelitoa kulima. Ekari zenyewe mbili, Rupi. Mbili. Likifika mwisho wa shamba haligeuki mpaka liingie kwa Surjeet.

Naye kasimama mpakani na glasi yake ya chai. Unajua kasema nini? "Geukia tu huku kwetu, shemeji. Nafasi ipo."

Nafasi ipo. Na mashamba yetu yanalingana, baba mkwe aliyapima mwenyewe.

Kila tukigeuka, tuko kwake. Kila tukiwa kwake, "karibuni". Halafu katrekta kake kanageuka palepale kama mbuzi.

Sasa Balkar kashuka, kaniambia mbele yake: "Kesho tuazime la kwao."

Na Surjeet ameshaanza kukaosha, eti tusikachukue kachafu.