Wimbo wa Kumbebea Bikira

Rio de Janeiro, 2 Februari 1931

Baba mpendwa,

Naomba baraka yako. Mimi mzima, kikohozi kimeniachia. Goti lako je?

Juzi walipiga simfoni yangu ukumbini, watu wakasimama kunipigia makofi, nami nawaza bendi yako tu. Ulisema muziki wangu ni wa watu waliokaa. Haya basi, nimekutungia wimbo wa maandamano ya Ijumaa Kuu. Upigeni, Baba, nakusihi. Siku hiyo nitafumba macho huku huku Rio na nitawasikia.

Mwanao, Zulmira

São Tomé das Lajes, 12 Aprili 1931

Binti yangu,

Mungu akubariki. Sisi wazima, ila goti ndilo halina adabu.

Tuliupiga. Ole wetu! Wanawake sita chini ya machela ya sanamu ya Bikira Maria, mlima ule na mawe yake yanayoteleza, na nota zako zinawakimbiza kama wanafukuzwa na mbwa. Deolinda, mmoja wao, akaanguka mweleka, Bikira akayumba, nusura amwangukie padri. Watu wakacheka, Ijumaa Kuu! Tukamaliza kwa ngoma tupu.

Uliutunga umekaa kwenye kiti, mwanangu. Wimbo wako una mbawa, hauna mabega.

Baba yako, Belarmino

Rio, 9 Januari 1932

Baba,

Naomba baraka yako, na unisamehe kimya. Nilikasirika, tena sana.

Kisha alfajiri moja nikajitwika gunia la mchele begani, nikapanda nalo kilima cha Santa Teresa. Muuza maziwa akaniuliza, "We dada, mumeo kakufukuza?" Nikapita tu. Sasa naenda kila alfajiri. Ukungu unapanda kutoka baharini, sijui kama nimeamka au naota, na bega likiuma, wimbo unavuta pumzi. Nimeziandika pumzi hizo ziwe wimbo mpya, nakuletea. Ukiukataa na huu, sina mwingine.

Mwanao, Zulmira

São Tomé, 27 Machi 1932

Zulmira wangu,

Ubarikiwe, ubarikiwe. Ya afya tuyaache.

Tuliupiga, na wabebaji walikataa kumtua Bikira! Tulifika mlango wa kanisa, akina mama wakageuka na Bikira wao begani, wakazunguka uwanja tena, polepole, kama waliolala huku wanatembea. Nilishindwa kupuliza tarumbeta kwa machozi.

Baba yako

São Tomé, 3 Mei 1941

Binti yangu,

Mungu akulinde. Mama yako anakusalimu, goti nimeshalizoea.

Bendi za milimani kote zimenakili wimbo wako. Leo bibi kizee mmoja wa mji jirani kaniapia kwamba bibi yake aliulilia wimbo huo huo enzi za wafalme. Kule hakuna amjuaye mtunzi. Nilitaka kupiga kelele: ni wa Zulmira, mwanangu mimi! Niwaambie?

Baba yako

Rio, 11 Mei 1941

Baba,

Naomba baraka yako. Nimeisoma barua yako nimesimama mlangoni, nikalia mpaka jirani akatoka.

Huku jina langu linaandikwa kwa herufi kubwa, na muziki ukiisha watu wanakwenda kula. Usiwaambie, Baba. Mwache yule bibi alie na bibi yake.

Mwanao