Jopo la Chelel

Mama yangu mpendwa,

Leo nimerudi kutoka Ndanai nikicheka peke yangu barabarani. Watu wamenitazama kama mlevi. Wewe ndiye ungecheka kuliko wote, ndiyo maana nakuandikia.

Unakumbuka intavyu yangu ya kwanza, kule kiwanda cha majani chai? Ulinipigia pasi suruali ya baba, ukanisindikiza hadi barabarani. Nikasimama mbele ya wazee watatu na, kama ulivyonilea, nikainamisha macho. Mtoto wa Kipsigis hamkodolei mkubwa macho. Wakasema, "Tueleze kukuhusu." Nikataja baba, nikataja babu, nikataja ukoo. Wakangoja. "Na wewe je?" Nikawajibu, "Si ndio hao."

Niliporudi mikono mitupu ulicheka mpaka ukakalia kuni.

"Kiprono, ulikuwa unatafuta panya chini ya meza yao?"

"Si wewe ulisema nisiwatazame wakubwa?"

"Nilisema hapa nyumbani! Kule wanataka kuona kama kuna mtu ndani ya hayo macho."

Jioni ukanipeleka zizini. Kwa kuwa wewe ni mama, singekukodolea macho, ulinisimamisha mbele ya Chelel, yule ng'ombe wetu mweupe. Ukakama huku ukiniuliza maswali kutoka chini ya tumbo lake, nami nikimjibu yeye, jicho kwa jicho. Alitafuna akiniangalia kwa dharau. Mpaka leo sijaona jopo kali kama lile.

"Usiseme unaweza kazi yoyote," ukaniambia. "Anayesema hivyo hajafanya hata moja. Sema ulichofanya, halafu nyamaza."

Mara ya pili nikaandikwa katika shamba la chai, nikapanda cheo mpaka nikawa nyapara, na majani yakanisomeshea watoto.

Sasa mashine za kuchuma zimekuja, mama. Nyapara asiye na wachumaji ni mzee tu mwenye gambuti, viatu vya mpira. Msimu mzima nimejifanya napumzika, na kila asubuhi mke wangu ananiona nikivaa gambuti nisiende popote. Ananimiminia chai tu. Afadhali angesema.

Basi niliposikia ushirika wa maziwa Ndanai unataka msimamizi wa kupokea maziwa, nikapiga pasi mwenyewe. Kifungo cha suruali kilikataa, nikakifunika kwa sweta. Nikaingia na macho yangu tayari, na nikakosa wa kumtazama! Jopo lote ni vijana. Binti mwenyekiti ameinamia meza, amelelewa vizuri, maskini.

"Mzee... samahani sana... kama una... udhaifu wowote..."

Nani aliyemfundisha kumuuliza mzee udhaifu wake? Akaruka swali, akaruka na lingine. Nikaona kazi inanitoka tena kwa sababu ya heshima, na safari hii si heshima yangu.

"Binti yangu," nikamwambia, "niulize tu. Mimi hii kazi ya kujibu nilifundishwa na ng'ombe."

Nikawasimulia habari za Chelel. Walicheka mpaka yule binti akainua uso, akafuta macho, kisha akaniuliza maswali yote, hata yale aliyoyaruka, bila huruma. Nikasema nilichofanya. Halafu, mama, nikanyamaza.

Wamenipigia simu kabla sijafika nyumbani. Naanza Jumatatu. Mke wangu ameziosha gambuti, ameziweka mlangoni.

Huyo binti ndiye mkubwa wangu sasa. Tukikutana asubuhi, sijui ni nani kati yetu atakayeinamisha macho. Ungekuwepo, ungetuitia ng'ombe.

Kongoi, asante, mama. Lala salama.

Kitindamimba wako,
Kiprono