Majirani Waliokuwa Wakija Kuomba Moto

Mume wangu mdogo Baraka,

Huku Kigoma hatujambo. Mama yako amepona mguu na anakusalimia. Unaniuliza bunduki ipi inamfaa mtu anayeanza, kwa kuwa hapo Durban wamekuvunjia mlango. Pole sana, mjukuu wangu.

Babu yako alinunua gobore tulipooana, akalitundika sebuleni lionekane. Wezi hawakuja. Lakini hata majirani waliacha kuja kuomba moto. Walipiga hodi toka barabarani mpaka mwenye gobore aitike. Siku uchungu uliponishika, yeye alikuwa shambani. Nilipiga kelele, wanawake wakaja mbio, wakasimama pale pale barabarani wakimwita yeye kwanza. Mama yako nilimpokea kwa mikono yangu mwenyewe.

Babu yako aliporudi alilishusha bila kuambiwa. Nami nilipopata nguvu nilikwenda kwa jirani kuomba moto, na wangu ulikuwa unawaka.

Bunduki sizijui, mume wangu, na ukinunua sitakununia. Ila hapo ghorofani Albert Park, kwenye mlango unaotazamana na wako anakaa nani? Kagonge, umwombe chumvi, hata kama unayo.

Mimi mkeo wa kwanza,
Bibi