Saa Kumi Haijafika

Nyumbani,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Shemeji,

Salamu nyingi kutoka kwetu, na pole kwa baridi uliyoilalamikia. Mgongo umepata nafuu? Mkeo na watoto hawajambo? Sisi tu wazima. Goti langu la kushoto bado lina ukaidi wake, lakini linanifikisha sokoni na kunirudisha, sina la kusema.

Barua yako niliipata. Uliniuliza kwa uchungu binti yetu amewezaje kufanya kazi katika hospitali ile ile alikofia baba yake, kaka yako. Nilichelewa kukujibu kwa sababu alikuwa katika miezi sita ya majaribio, na katikati yake pakatokea jambo lililoninyima hamu ya kula. Sasa limekwisha.

Kwanza kuna kitu ambacho sijawahi kukuandikia. Siku ya mwisho ya kaka yako, saa kumi jioni, nilikuwa naye chumba cha eksirei. Nilikuwa nimeshika viatu vyake vya kahawia, vilivyotoka kutiwa soli mpya, maana alikataa kuviacha wodini. "Nikirudi nitakuta vimeshapata miguu mingine," alisema, akacheka mpaka akakohoa. Tuliporudi, binti yetu, wakati ule mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa kwanza, akasoma karatasi ya vipimo iliyoning'inia kitandani: saa kumi, presha nzuri, joto la kawaida, amelala. Amelala! Na viatu ninavyo mkononi.

Sisemi karatasi ndiyo iliyomuua. Daktari alituambia ugonjwa ulikuwa umeshakomaa, nami nilimwamini. Lakini mtoto aliondoka pale na kitu moyoni. Tangu siku hiyo haandiki kipimo ambacho hajakipima. Husimama kando ya kitanda, akaangalia ile saa ya kubana kifuani uliyomtumia alipoingia chuo, akahesabu mapigo ya moyo dakika nzima, ndipo ashike kalamu. Akipima saa kumi na robo, ataandika saa kumi na robo. Asipopima, ataandika kwamba hakupima, na kwa nini, kisha atie sahihi.

Basi mwezi uliopita alikuwa zamu ya mchana. Wodini kulikuwa na fundi cherehani, mzee wa utani mwingi, aliyepasuliwa tumbo asubuhi ile. Ilipofika saa tisa na nusu, binti yetu akakuta mstari wa saa kumi umeshajazwa, kila kitu sawasawa. Akamfuata muuguzi mwenzake, aliyemtangulia kazini miaka mingi.

"Dada, saa kumi haijafika, na wewe umeshaiandika."

"Mgonjwa ni yule yule, mdogo wangu, na namba ni zile zile. Vitanda ishirini na nane, mikono minne! Usituletee mambo ya chuoni hapa."

Kuhusu ile mikono minne alisema kweli, Shemeji. Lakini binti yetu alikwenda kumpima mzee. Presha ilikuwa imeshuka vibaya, mapigo yanakimbia, na fundi mwenyewe hana utani tena. Akamwita daktari. Kisha akapiga mstari mmoja mwembamba juu ya zile namba, ili bado zisomeke. Hakuzifuta wala kuzipaka rangi nyeupe. Akaandika vipimo vya kweli, saa ya kweli na jina lake. Mzee alirudishwa chumba cha upasuaji. Alikuwa akivuja damu ndani.

"Umetuanika," mwenzake alimwambia kwenye korido. Kesho yake karatasi ile ikachukuliwa, na binti yetu akaambiwa asubiri kuitwa. Siku tisa, kila akirudi nyumbani, aliosha vyombo, hata vilivyokuwa safi. Nakiri, nilimshauri aombe radhi yaishe, asije akakosa kazi. Akanitazama, akauliza taratibu, "Mama, vile viatu uliviweka wapi?" Sikurudia tena.

Siku ya kumi muuguzi mkuu aliwaita wote wawili, akaiweka karatasi mezani, akauliza nani aliandika mara ya kwanza. Yule dada akasema, "Ni mimi," machozi yanamtoka. Hakufukuzwa, na nimefurahi. Binti yetu alipoambiwa amethibitishwa kazini, badala ya kushukuru akauliza kama wodi inaweza kuongezewa muuguzi wa tatu. Ana mdomo wa kaka yako! Na huyo wa tatu amepatikana.

Sasa hospitali nzima inamwita Bibi Saa Kumi. Fundi alipopona alimshonea mfuko wa kalamu kwenye sare, akamwambia, "Huu usiwe mtupu, nitakuja kukagua." Kila ninapoupiga pasi mfuko ule, natabasamu peke yangu kama mwehu.

Alhamisi, saa kumi jioni, atawafundisha wauguzi wapya kumi na mmoja namna ya kuandika vipimo. Ameomba aende na viatu vya baba yake. Leo asubuhi nimevipaka rangi.

Umeuliza amewezaje. Ni hivyo. Mwandikie basi, walau mistari miwili; kila mara huniuliza kama umemtaja.

Msalimie mkeo, watoto, na mama mkwe wako asiyependa kupigwa picha. Mungu awatunze, na mgongo wako aunyooshe.

Alhamisi saa kumi, popote utakapokuwa, utukumbuke.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye kama siku zote,

Mama Bibi Saa Kumi