Kwa Babu Yetu, Karani Aliyedai Saini

Mwaka umetimia, Babu, tangu asubuhi ile ulipoomba chai, ukalalamika kwamba haina sukari ya kutosha, ukajilaza tena na hukuamka. Mpaka leo tunaandaa vikombe vingi kuliko watu waliomo nyumbani.

Tunakumbuka kola zako. Hukuwahi kutoka mlangoni, hata kwenda kununua kiberiti, bila kupiga pasi kola ya shati. Tunakumbuka penseli ulizozichonga kwa wembe na kuzipanga mezani kwa urefu. Tunakumbuka majirani waliokuja na bahasha za serikali mkononi, ukawasomea, ukawaandikia majibu, ukakataa hata soda. Na kabati lako la vitabu! Mjukuu akichukua kimoja, sharti aache kipande cha karatasi chenye jina lake na tarehe. Bibi alikuwa akikutania, "Siku moja nitachukua bilauri, na huyu mzee ataniletea fomu." Ulicheka sana, na hukubadilika hata kidogo.

Tabia hiyo uliitoa kazini. Ulikuwa karani wa masjala, kile chumba cha faili katika ofisi ya mkuu wa wilaya, miaka ya mwisho ya utawala wa wageni. Walivuka bahari na kanuni zao na wakakufundisha moja kuliko zote: faili haitoki masjala mpaka anayeichukua aandike daftarini namba ya faili, kichwa chake, inakopelekwa, siku itakayorudi, kisha atie saini. Karani aliyesahau alizabwa kofi mbele ya wenzake. Ndivyo walivyofundisha ustaarabu, kwa kofi, halafu wakaandika kwao kwamba wenyeji wanaelewa polepole.

Mkuu wa wilaya mlimwita Filimbi, kwa sababu aliita watu wazima kwa kupuliza filimbi, kama mtu anayeita mbwa wake. Ndiye aliyemkamata kaka yako, seremala, miaka mitatu kabla ya uhuru. Kosa lake lilikuwa kutengeneza viti vya mkutano. Viti tu, Babu. Dola iliyojisifu kwamba haitikisiki popote duniani iliogopa viti arobaini vya mbao.

Seremala alipelekwa kambi ya kizuizini na hakurudi. Mkewe, Bibi Mkubwa wetu, alikwenda kuuliza akiwa na mtoto mgongoni. Filimbi hakumpa hata kiti. "Mume wako ametoroka," alimwambia. "Amepata mwanamke mwingine ng'ambo ya mto. Nenda nyumbani."

Akaenda nyumbani, na maneno yale yakamfuata. Kila fomu aliyojaza iliuliza mume yuko wapi. Kisimani walimwimbia. Hata ndani ya ukoo wetu, na tunaona haya kuandika hivi, wapo waliosema kwamba mwanamume hakimbii bure. Hakuwa mke, hakuwa mjane. Alikuwa mtu aliyeachwa, kwa hati ya serikali.

Ulitusimulia wiki zile za mwisho mara nyingi kiasi kwamba tunaona kama tulikuwepo. Amri ilikuja kutoka makao makuu: faili zote zenye alama nyekundu zichomwe kabla ya bendera kushuka. Walitoboa pipa, wakaliweka nyuma ya ofisi. Askari wawili walisimama mlangoni kuwapekua makarani, asije mtu akatoka na karatasi ndani ya shati.

"Wewe karani, lete hizo," Filimbi aliamuru.

"Saini kwanza, bwana."

"Saini ya nini? Zinachomwa!"

"Ndiyo, bwana. Lakini zinatoka masjala. Kanuni ni yenu."

Akamgeukia msaidizi wake, wakacheka mpaka machozi yakawatoka. "Mwangalie," alisema. "Mwezi ujao ndio watatawala nchi, na huyu bado anaogopa daftari."

Akatia saini ili kukufanyia mzaha. Kwenye safu ya inakopelekwa, akaandika kwa mkono wake mwenyewe: "Motoni." Kwenye safu ya siku itakayorudi, akachora mstari. Ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Mzaha ukamwisha, lakini wewe uliendelea kusimama mbele yake na daftari wazi, na heshima zako zote, na kola yako iliyonyooka. Mpaka saa saba mchana alikuwa ametia saini faili mia mbili na kumi na moja, na alikuwa anakung'uta vidole.

Faili ya mia moja na nne, kichwa chake, alichokiandika Filimbi daftarini, kilikuwa jina kamili la kaka yako, na mbele yake neno "kifo".

Ulitaka kuificha. Ulitazama askari, ukatazama daftari, ukamfikiria Bibi nyumbani na mtoto wenu. "Niliibeba kwa mikono yangu hii," ulikuwa unatuambia. "Nikaitia motoni, na nikapewa fimbo nikoroge majivu lisibaki neno." Hukuwahi kujisamehe. Sisi hatukuona la kusamehe. Walioua ni wengine, waliochoma ni wengine, na wao walipanda meli wakiwa na zawadi za kuagwa, wakaenda kustaafu penye bustani.

Daftari lenyewe hawakulichoma. Halikuwa na alama nyekundu. Kwao lilikuwa kitu cha karani tu, kama chupa ya wino, na haikuwapitia akilini kwamba karani anaweza kuwa shahidi. Miaka mingi walitudharau kwa ufundi mkubwa. Siku waliyohitaji kutuogopa kidogo, wakasahau.

Jioni ile ulikwenda kwa shemeji yako moja kwa moja, ukinuka moshi. "Shemeji, hakutoroka," ulimwambia. "Amekufa mikononi mwao. Nimeona kwa macho yangu." Akauliza, "Na nani ataniamini?"

Mwezi uliofuata bendera ikashuka. Mgeni mmoja mwenye glavu nyeupe alisoma hotuba ndefu kwamba wanatuachia utawala wa sheria. Ulikuwa umesimama pale uwanjani ukipiga makofi na wenzako, kwa sababu furaha ilikuwa ya kweli. Lakini ulitusimulia ulichokuwa unawaza: "Wametukabidhi kabati tupu, na wanataka tushukuru kwa ufunguo."

Babu, uliiandikia serikali yao barua tisa. Kila moja uliiandika mara mbili, ukahifadhi nakala. Uliwatajia namba ya faili, kichwa chake na tarehe. Kila mara walijibu kwa karatasi nzuri nzito: faili hiyo haijawahi kuwepo, na kumbukumbu zao zinaonyesha mtu huyo alitoroka. Jibu la tisa walikushauri kwa upole kwamba umri huchanganya watu. Uliweka barua mezani ukasema, "Mia mbili na kumi na moja bado ziko nje. Karani hafungi ofisi." Tulicheka, na Bibi akakwambia ule kwanza.

Daftari, ulilolibeba nyumbani askari walipoondoka mlangoni, ulikuwa hulitoi nje, na tunakuelewa. Wiki tatu kabla ya kutuacha ndipo ulipokubali lipigwe picha, ukurasa kwa ukurasa, ukigeuza wewe mwenyewe. Wakili wetu, yule binti uliyemwita Miwani, akaziweka mbele yao pamoja na saini ya Filimbi kutoka barua zake nyingine. Safari hii haikuwa maneno ya mzee wa kwetu. Ulikuwa mkono wa mtu wao, mara mia mbili na kumi na moja.

Jibu lilifika miezi saba baada ya kukuzika. Ni aya mbili. Wanakiri kwamba faili ilikuwepo, na kwamba kaka yako hakutoroka. Wanasema kifo kilitokea akiwa chini ya ulinzi, na wanasikitikia matukio ya kipindi kile. Kipindi, kama vile cha redio. Neno samahani wamelizunguka kama mtu anayekwepa tope na viatu vipya.

Tulimsomea Bibi Mkubwa sebuleni kwake. Ana miaka tisini na moja, na masikio yake hayana ugonjwa.

"Chini ya ulinzi?" alisema. "Walikuwa wanamlinda na nani?"

Akaomba tusome tena ile sehemu ya hakutoroka. Tukasoma mara nne. Hakulia. Alitandaza kanga yake magotini, akaulizia chakula.

Tangu habari zienee, watu wanakuja kwetu kutafuta majina ya baba zao. Faili thelathini na sita nyingine zina majina. Tunawafungulia kurasa juu ya meza yako, na tunaamini watapata majibu, hata kama itatubidi kuandika barua tisini. Sisi tumesoma kwa jasho lako, Babu. Hatuna haraka ya kuchoka.

Juzi tulipoandaa tangazo hili, Bibi Mkubwa alitaka kujua tumemwandikaje. Baba akamwambia, "Mama Mkubwa, tumeandika shemeji, kama kwenye tangazo la mazishi."

"Futa," alisema. "Nimengoja miaka sitini na mitano. Andika nilivyo."

Unakumbukwa na mke wako mpendwa, anayesema nyumba imekuwa na nafasi kubwa mno, watoto wako wanne, wakwe zako, wajukuu wako kumi na mmoja na vitukuu watatu, makarani wenzako wawili waliobaki, majirani wote uliowaandikia barua, na mjane wa kaka yako.

Siku zote za maisha yetu, Babu, hatutakusahau.